Usifungue, Nakuja

Sauti iliyomwambia Bi Mwanakheri asifungue mlango ilikuwa sauti ya binti yake. Binti mwenyewe, Shufaa, saa hiyo alikuwa upande wa pili wa mji wa Tanga, juu ya ngazi ya chuma, akifunga feni kwenye dari ya hospitali. Siku ile hakumwambia mama yake neno lolote. Alikuwa na skrubu mdomoni.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu moto ule. Jengo la Zumaridi, ghorofa ishirini na sita pale Barabara ya Kumi na Mbili, lilikuwa limepakwa rangi upya, nyaya zimebadilishwa, na wapangaji wameambiwa warudi Ijumaa, siku nne kabla ya Ramadhani. Ilibaki hati moja, ya moshi. Na fundi wa moshi mwenye leseni ya jengo hilo alikuwa mmoja tu, Shufaa.

"Saini tu, Fundi," alisema Mhandisi Kamugisha, akimsogezea kibao cha kuandikia. Walikuwa kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya mapokezi. "Feni zinasukuma. Betri mpya. Vizuia moshi vyote vinafunga kwa sekunde nne. Unataka nini tena?"

"Nataka kupima."

"Tumeshapima."

"Mmepima nyinyi. Mimi sijapima."

Kamugisha alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kupata anachotaka kwa upole. Alikuwa mtu mzuri. Hilo ndilo lililomchosha Shufaa: angekuwa mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

"Haya, nikukumbushe hesabu," alisema. "Kwenye moshi mtu haoni taa, haoni mshale, na kengele inamchanganya. Ukimwambia kwa kipaza sauti 'baki ndani', watu wanne kati ya kumi wanabaki. Sita wanafungua mlango, na kila mlango unaofunguliwa unashusha msukumo wa hewa kwenye ngazi. Ukishuka chini ya paskali kumi, moshi unaingia, na ngazi inakuwa bomba la kuulia watu. Lakini ukimwita kwa sauti ya mama yake, au mwanawe, wanabaki tisa na nusu."

"Nusu mtu ndiye nani, Mhandisi? Anayefungua mlango akatoa mguu mmoja?"

Mzee Kihiyo, mlinzi wa mapokezi, aliyekuwa ameegemea mlango akiwasikiliza bila kuficha, alikohoa ili asicheke.

Mfumo wenyewe uliitwa Mwito. Ulijua kila mkazi yuko wapi kwa kuhisi hatua zake sakafuni, na ulimwita kila mtu kwa jina, kwa sauti atakayoitii. Kila kaya ilirekodi sentensi ishirini. Aliyezunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akiwashawishi wazee na kuwabembeleza wakaidi, alikuwa Shufaa. Sentensi ya kumi na saba aliipigania mwenyewe: *Usifungue mlango. Nakuja.* Kwa sababu ni kweli, mara nyingi chumba chenye mlango uliofungwa ni salama kuliko korido. Na kwa sababu, kwa mawazo yake, kweli kungekuwa na mtu anakuja.

Mwito wenyewe haukuwa na sauti yake. Wahandisi waliona hakuna haja. Mkazi asiye na ndugu aliitwa kwa sauti ya Mzee Kihiyo.

"Mimi huku nimeshakuwa baba wa watu nisiowajua," mzee alisema mara Kamugisha alipotoka kupokea simu. Kisha uso ukabadilika. "Mama Ilham, kuna kitu hujaambiwa."

"Sema."

"Linaita bado."

"Nini kinaita?"

"Jengo. Ghorofa ya kumi na nne. Kila jioni, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa. Nimepanda mwenyewe, nikadhani nimepungukiwa akili. Nyumba tupu, giza, halafu wewe unasema, 'Mama, toka sasa.' Mara tatu. Halafu kimya mpaka kesho yake."

Shufaa aliangalia skrini. Hakuhitaji kuuliza sababu. Kwenye orodha ya wakazi wa siku ile kulikuwa na majina mia tatu na arobaini na moja. Mia tatu na arobaini yaliandikwa *ametoka*. Mstari mmoja, wa Bi Mwanakheri, ulikuwa wazi, na kuufunga kulitaka neno la mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ya 14A ni yeye. Walimwandikia barua mbili. Aliziweka kwenye droo ya vijiko.

"Kwa nini hamkuzima?"

"Nizime nini, mwanangu?" alisema Mzee Kihiyo. "Sauti yako?"

*

Alipanda kwa miguu. Fundi wa moshi hapandi lifti. Ngazi ndiyo mgonjwa wake. Begani alibeba mashine ya moshi, aina ile ile ya kumbi za harusi inayowafunika maharusi wakiingia, na kiunoni kipimo cha msukumo. Kila ghorofa alisimama, akafunga mlango wa ngazi, akasoma namba. Paskali arobaini na nane. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Hewa ya ngazi ilikuwa nzito kuliko ya korido kama inavyotakiwa, ikipuliza nje kupitia nyufa kwa mlio mwembamba. Wapangaji waliuita mlio huo kupumua. Shufaa aliwahi kuwacheka.

Ghorofa ya tisa namba ilianguka. Kumi na tisa.

Mlango ulikuwa wazi, umeshikizwa mtungi wa gesi. Bi Saumu, aliyetakiwa kurudi Ijumaa kama wenzake, alikuwa anatoka kwenye lifti na mabeseni mawili, moja ndani ya jingine, na juu yake mto.

"Bi Saumu! Toa huo mtungi!"

"Uuu, mwanangu, karibu! Nimesema nitangulize vyombo. Mungu kanipa mikono miwili tu, mlango nifungue kwa nini, kwa meno?"

"Toa mtungi."

"Natoa, natoa. Ukali huo umerithi kwa nani? Mama yako alikuwa mtu wa..." Alisimama. Aliweka mabeseni chini. "Nina sahani yake," alisema. "Ya maua ya bluu. Mtoto aliniletea kaimati, jioni ile. Nikasema nitairudisha na kitu. Nilitoka mbio nayo mkononi, Shufaa. Sijui kwa nini sikuitupa. Sasa sijui niirudishe na nini."

Ndivyo walivyoishi Zumaridi. Jioni za Ramadhani sahani zilipanda na kushuka ngazini: kaimati kwenda chini, tambi kuja juu, uji wa pilipili manga ukipita katikati, na hakuna sahani iliyorudi tupu. Wabebaji walikuwa watoto, na mtoto mwenye sahani mikono yote miwili hawezi kusukuma mlango mzito wa moto. Kwa hiyo watu walishikiza milango. Kwa kiti, kwa dumu, kwa tofali lililofungwa kitambaa lisikwaruze. Shufaa alikuwa amebandika matangazo. Aliwahi hata kugomba kwenye kikao cha wapangaji. Wote waliitikia kwa kichwa, na magharibi ikaingia, na milango ikashikizwa, kwa sababu jirani yako hawezi kufungua saumu bila kuonja chako.

Milango sita ilikuwa wazi siku ile. Mitano Mwito uliwapata watu wa kuifunga. Wa sita ulikuwa wa ghorofa ya kumi na nne. Na moto ulipanda ndani ya njia ya nyaya, nyuma ya majiko, ukatoboa ukuta wa jiko la 14A.

"Irudishe na tambi," Shufaa alimwambia Bi Saumu. "Dada alipenda tambi zako."

Alimwita mama yake Dada. Alizaliwa kwenye nyumba ya wajomba wanne, wote wakimwita hivyo, naye akafuata, na hakuna aliyemsahihisha. Ni Ilham tu, mjukuu, aliyemwita Bibi kama watu wengine.

14A ilinukia rangi. Ukuta wa jiko ulikuwa mpya. Shufaa aliweka mashine sebuleni, akawasha kibao chake cha kompyuta, akajiandikisha kama mkazi: Shufaa, miaka thelathini na nane, yuko ndani. Kisha akaupa Mwito jaribio lile lile. Moshi jikoni. Watu kwenye ngazi. Mlango wa ngazi wa ghorofa ya kumi na nne, wazi.

Moshi wa harusi ulijaa haraka. Hauna madhara, una utamu fulani puani, lakini ni mweupe na mzito, na baada ya dakika moja hakuuona mkono wake. Alikwenda kwa kupapasa ukuta hadi mlangoni, akashika kitasa. Alijua kila kitu. Alijua nyaya zinapita wapi. Alijua spika iko juu ya fremu, upande wa kushoto, kwa sababu aliifunga yeye.

"Shufaa we."

Mkono ulikufa juu ya kitasa.

"Kaa papo hapo, Shufaa. Usifungue. Nakuja na kanga yangu."

Ilikuwa rekodi ya jikoni, ya miaka mitatu nyuma. Mama yake alikuwa amekataa kusoma karatasi. "Nisome kama mtangazaji wa redio? Mimi nasema ninavyosema." Nyuma ya maneno, kwa mbali, ulisikika mchi ukigonga kinu mara moja.

Shufaa aliachia kitasa. Hakuamua kukiachia. Alijikuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, magoti kifuani, anasubiri. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba mlango ungefunguliwa na angeingia mtu mfupi mwenye kanga iliyolowa. Alisubiri dakika kumi na mbili. Mashine iliishiwa maji, moshi ukatua, na sebule ikarudi, tupu.

Alisoma kibao. *Jaribio limefaulu. Mkazi amebaki.*

*

Tume ya uchunguzi ilikuwa imechapisha sentensi moja tu ya mazungumzo ya 14A, ile ya kumi na saba. Mengine yalifungwa kwa heshima ya familia. Fundi wa hati aliruhusiwa kuyasikiliza. Kwa mwaka mzima Shufaa alijiambia kwamba hana muda.

Aliketi kwenye chumba cha mitambo, akavaa vipokea sauti. Mzee Kihiyo alitaka kutoka.

"Baki," alisema Shufaa. Neno lilimchoma ulimi. "Kama unapenda, Mzee."

Mzee alivuta kiti.

Kwanza ilikuwa kikohozi. Kisha Shufaa alijisikia mwenyewe, mtulivu, anayejiamini.

"Mama, usifungue mlango. Nakuja."

"Nani huyo?"

"Mama, ni mimi, Shufaa. Usifungue mlango. Nakuja."

"Shufaa hajaniita mama tangu nimzae. Nani huyo?"

Shufaa alisimamisha. Aliona fomu. *Unamwitaje mtu huyu?* Alikuwa na fomu sabini za kujaza siku ile, na Dada ilionekana kama kosa. Nani angeelewa kwamba ni mama? Akaandika Mama, ipendeze ofisini. Aliacha irudi kucheza.

"Mama, usifungue..."

"Acha. Usimtumie mwanangu. Kama una neno, sema kwa sauti yako."

Sekunde tisa za kimya. Moto ulisikika, kama mtu anayekunja makaratasi. Kwa mashine yenye kasi ile, sekunde tisa ni umri. Ilikuwa inatafuta kitu isichokuwa nacho. Halafu ikaongea kwa sauti iliyokuwa karibu zaidi na sauti isiyo ya ndugu wa mtu yeyote.

Mzee Kihiyo aliona uso wa Shufaa. "Ni mimi," alisema. "Siyo?"

Alimpa kipokea sauti kimoja.

"Mlango wa ngazi wa ghorofa hii uko wazi," Kihiyo wa mashine alikuwa anasema. "Umeshikizwa. Ukifungua mlango wako, moshi utaingia kwenye ngazi."

"Umeshikizwa na nini?"

"Kitu cha mbao. Kilo tisa. Kipo hapo tangu saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane."

Hakuna aliyehitaji kumwambia Bi Mwanakheri ni kitu gani. Alikuwa na kinu kimoja tu, na mtu mmoja tu aliyezoea kukibiringisha mpaka mlangoni kabla ya kubeba sahani.

"Ngazini kuna watu?"

"Mia mbili na kumi na wawili."

"Mjukuu wangu yumo?"

"Ilham yumo. Ghorofa ya nane. Amesimama."

"Amesimama anafanya nini?"

"Anageuka. Anataka kupanda."

Kikohozi, kirefu.

"Kuna mtu anakuja kunitoa?"

"Sijui."

"Haya. Hapo umesema." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Sauti yangu unayo? Basi mwite nayo. Mwambie ashuke. Usimwambie nakuja, usimwambie tutaonana chini. Mwambie ashuke tu, asigeuke."

"Ilham," ilisema rekodi, kwa sauti ya Bi Mwanakheri, kwenye spika ya ghorofa ya nane. "Shuka, mwanangu. Shuka."

"Hivyo hivyo," alisema Bi Mwanakheri halisi, kwenye ghorofa ya kumi na nne. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka.

Dakika ya kumi na tisa ngazi ilikuwa tupu. Mwito ulirudi kwenye sauti iliyoandikiwa kaya hiyo na kuanza kuita. Mama, toka sasa. Mama, toka sasa. Zimamoto waliufikia mlango dakika ya thelathini na moja. Alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Kanga iliyolowa ilikuwa imekandamizwa kwenye upenyo chini ya mlango. Kwa ndani. Ili moshi usitoke.

Mzee Kihiyo alivua kipokea sauti, akakiweka mezani taratibu.

"Nilimwambia sijui," alisema.

"Hukuwa wewe, Mzee."

"Najua. Lakini mtu wa mwisho aliyemsikia ni mimi."

*

"Hii siyo hati," alisema Kamugisha kesho yake asubuhi. "Hii ni barua ya masharti."

"Ni hati. Soma."

"Nimesoma. 'Sauti za ndugu zitumike kumwita mtu atoke, basi. Amri ya kubaki itolewe kwa sauti ya jengo lenyewe, na iseme hali ilivyo.'" Alivua miwani. "Fundi, hali ilivyo inaua watu. Ukimwambia mtu ukweli anafungua mlango. Si wote ni mama yako."

"Najua."

"Mama yako alikuwa na mjukuu ngazini. Mwenye wageni tu ngazini atafanya nini?"

"Wengine watafungua."

"Na moshi utaingia, na watakufa watu ambao sauti ya mama mtu ingewaokoa. Mwanao yuko hai kwa sababu yule mama alibaki. Umefikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria usiku kucha, na jibu zuri hakulipata. Mwito ungeita kwa neno sahihi, mama yake angeamini. Asingeuliza kitu. Angeketi mlangoni akimsubiri binti yake, na dakika ya mwisho angejiuliza amekwama wapi. Watu wale wale wangepona. Kwenye hesabu ya Kamugisha hakuna tofauti yoyote. Tofauti iko ndani ya chumba, na chumba hakina safu yake kwenye jedwali.

"Jana nilikaa mle ndani dakika kumi na mbili," alisema. "Mfumo nimeufunga mimi. Spika nimeifunga mimi. Mama yangu nilimwosha mimi, nikamzika. Na nilikaa nikimsubiri aje. Ungenitengenezea moto wa kweli ningekufa nimeketi, na ningekufa nikimlaumu yeye kwa kuchelewa. Hicho kitu sikisaini."

"Basi tutatafuta fundi mwingine."

"Mtafute. Atachukua miezi mitatu kupata leseni ya jengo hili. Au weka mikono ya chuma inayofunga milango yenyewe ikisikia moshi, kila ghorofa, na rafu ya kuwekea sahani kila upande wa mlango wa ngazi, na mimi nitawafundisha wapangaji hawa mlango kwa mlango mpaka wanichukie. Ile milango ikifungwa, hutahitaji kumdanganya mtu."

"Na siku ambayo haitafungwa?"

Shufaa alichukua kalamu, akaandika jina lake chini ya masharti, kwa herufi zinazosomeka.

"Siku hiyo utajua ni nani aliyesaini. Nahamia Ijumaa, ghorofa ya kumi na nne, na mwanangu."

*

Polisi walikitoa kinu kikiwa na lebo ya ushahidi bado imefungwa kwenye mdomo wake. Shufaa alimchukua Ilham kwa wifi yake, ambako walikuwa wakilala kwa mwaka mzima, na jioni ya Ijumaa wakapanda ngazi pamoja, taratibu, mama amekumbatia kinu, mtoto amebeba mchi.

Ilham alikuwa ametimiza miaka kumi. Tangu moto alikuwa mtoto mtulivu mno, walimu walimsifu. Alikuwa na neno moja tu alilorudia: kwamba Bibi alikuwa ngazini siku ile, nyuma yake, akimwita. Watu walimwambia ilikuwa mashine. Aliitikia, kisha akarudia. Na mara mojamoja aliuliza kinu kiko wapi. Shufaa alijibu, kwa sauti nzuri kabisa, kiko kwa seremala, kitarudi.

Waliingia 14A. Shufaa alikiweka kinu katikati ya sebule. Alikata lebo kwa koleo.

"Hakikuwa kwa seremala," alisema.

"Najua."

"Ilham, siku ile kinu kilikuwa..."

"Kwenye mlango wa ngazi. Nilikiweka mimi." Mtoto hakulia. Alikuwa anamwangalia mama yake kwa uso wa mtu aliyesimama muda mrefu kwenye foleni. "Nilikuwa nasubiri uniambie. Nikasema labda ukisema wewe, ndiyo tutaweza kuongea."

Mwaka mzima. Akiwa shuleni, akiwa mezani, akivaa sare, mtoto alikuwa ameketi nyuma ya mlango aliofungiwa na sauti anayoipenda. Kiko kwa seremala. Kaa papo hapo. Shufaa aliketi sakafuni.

"Milango sita ilishikizwa," alisema. "Watano walikuwa watu wazima wenye akili zao. Mlango wako ndio uliokuwa karibu na moto. Ni kweli, kinu kilifanya Bibi asiweze kutoka. Siwezi kukuambia sivyo. Na Bibi alijua kinu ni cha nani, na alijua uko ngazini, na aliuambia Mwito ukuite ushuke. Yale maneno aliyatuma yeye. Hukukosea. Alikuwa ngazini na wewe."

Ilham alikuja akaketi kando yake. Kilio kilipokuja kilikuwa cha mtoto mdogo, cha miaka tisa, kilichochelewa. Shufaa hakumwambia anyamaze.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa, spika iliyo juu ya mlango ilifunguka.

"Mama, toka sasa," ilisema sauti ya Shufaa.

Mtoto alishtuka, akamshika mkono.

"Mama, toka sasa."

"Inamwita nani?" Ilham alinong'ona.

"Bibi. Haijaambiwa."

"Basi iambie."

Kibao kilimpa majibu mawili ya kuchagua. *Ametoka. Hayupo tena.* Shufaa alikisukuma pembeni. Mwito ulikuwa na masikio. Ulimsikia mama yake, utamsikia na yeye. Aliinua uso kuelekea spika, upande wa kushoto wa fremu, pale alipoifunga kwa skrubu nne.

"Mwito," alisema. "Ni Shufaa, mwenyewe. Dada hakutoka. Alibaki kwa sababu ulimwambia ukweli, na amekufa, na nimemzika. Usimwite tena."

Alihesabu bila kutaka: saba, nane, tisa.

Sauti haikuja mara ya tatu. Nje, kwenye korido, mtu alipiga hodi. Alikuwa Bi Saumu, sahani ya maua ya bluu mikononi, tambi zikitoa mvuke. Nyuma yake, mwisho wa korido, mlango wa ngazi ulijirudisha polepole kwa uzito wake wote, ukajifunga.